Rangi ya Bobini

Nikisema nilitumia miezi miwili kuandika kuhusu faiba, majirani kwenye ploti yetu hudhani nauza intaneti. Mmoja aliniuliza kabisa ni pesa ngapi kwa mwezi, na kama stima ikipotea nayo inapotea. Faiba yangu haina waya. Iko ndani ya programu, na hakuna mtu atakuja kuchimba barabara kuipitisha. Lakini kwa hiyo miezi miwili ndiyo ilinilipia kodi.

Kazi ilikuwa hivi. Kuna kampuni ya ng'ambo inayouza msimbo ambao watu wa michezo ya kompyuta na wa seva huutumia ndani ya programu zao za Windows. Walitaka mwongozo. Wahandisi wanao, ila wahandisi wao huandika kama watu wanaokimbizwa. Wakatafuta mwandishi wa bei nafuu, na mwandishi wa bei nafuu ni mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea ualimu wa Kiswahili na historia, karo iliposhinda nyumbani. Mambo ya programu nilijifunza baadaye, kwa laptopu ya mitumba na bando za usiku. Cheti sina. Nina subira ya kusoma kitu kimoja mara sita.

Mamangu ni fundi wa nguo huko Voi. Hushona sare za shule, na Januari huwa halali. Jioni moja alinipigia, na baada ya salamu akataka kujua hiyo kazi yenyewe ni ya nini, maana kuna mtu kanisani alikuwa amemuuliza na akakosa jibu.

Nikamwambia, mama, wewe una cherehani moja. Lakini mezani una nguo kumi ambazo hazijaisha. Shati hili limebaki kola, sketi ile imebaki pindo, kaptura imebaki mfuko. Huwezi kumaliza moja ndio uguse nyingine, kwa sababu shati linangoja vifungo na mwenye sketi amefika mlangoni. Kwa hivyo unatoa shati, unaweka sketi, na kichwani mwako unajua shati uliliacha wapi. Cherehani ndiyo uzi wa kompyuta. Nguo ndiyo faiba.

Nilijua nimemchanganya na hilo neno uzi, lakini ndilo neno tulilo nalo. Uzi, kwenye kompyuta, ni mkondo mmoja wa kazi ambao mfumo endeshi unausimamia. Mfumo ndio huamua uzi gani ukimbie na upi ungoje, na unaweza kuukatiza wakati wowote. Faiba huishi ndani ya uzi, na mfumo haujali iko wapi. Faiba yenyewe ndiyo husema, mimi nimefika hapa, mwenzangu ingia. Kubadilishana huko ni hatua chache tu za prosesa, bila kwenda kupiga foleni kwa mfumo endeshi.

Wazo lenyewe ni la zamani kunizidi, na kumzidi mamangu. Melvin Conway alibuni jina korutini mwaka wa 1958 na kulichapisha mwaka wa 1963. Microsoft waliingiza faiba ndani ya Windows NT miaka ya 90. Mwaka wa 2015, kwenye kongamano la GDC, Christian Gyrling wa Naughty Dog alieleza jinsi walivyouhamisha mchezo wa The Last of Us kwenda PlayStation 4 kwa kuigawanya kazi yote katika faiba 160. Faiba 128 zilipewa rundo la kilobaiti 64 kila moja, na 32 zikapewa kilobaiti 512. Ukijumlisha unapata megabaiti 24. Picha za matembezi ya kanisa kwenye simu yako zinakula zaidi ya hapo.

Rundo ni nini? Kila faiba ina rundo lake, na hapo ndipo siri yote iko. Kipande kimoja cha programu kikikiita kingine, huweka sahani juu ya rundo: niliitwa na fulani, nikimaliza nirudi pale. Aliyeitwa akimwita mwingine, sahani ya pili. Kazi ikiisha sahani hutolewa, na unarudi kwa yule wa chini yako. Rundo ni kumbukumbu ya nani alimwita nani. Kubadilisha faiba ni kuacha rundo moja likiwa nusu na kusimama juu ya jingine.

Mama alisikiza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Na uzi wa chini je?"

"Uzi wa chini gani?"

"Wa bobini. Ukitoa shati jeupe ukaweka sketi ya maruni, unabadilisha uzi wa juu. Wanafunzi wangu wote hukumbuka huo. Bobini husahau. Ukiangalia sketi kwa nje haina neno kabisa. Mpaka mtoto aivue, aigeuze."

Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu siku tatu nilikuwa nimeganda mbele ya ukurasa mmoja nikitafuta namna ya kueleza kitu hicho hicho.

Ni hivi. Programu ikikosea, kwa mfano ikigawanya kwa sifuri ama ikigusa anwani ya kumbukumbu isiyo yake, kosa hurushwa. Lazima kuwe na mdakaji. Kwenye Windows ya biti 32, wadakaji hupangwa kama mnyororo. Kila mmoja ana rekodi yenye vitu viwili: anwani ya msimbo wake wa kudaka, na kielekezi cha mdakaji aliyetangulia. Rekodi hizo hukaa kwenye rundo lenyewe, katikati ya sahani. Mwanzo wa mnyororo huandikwa mahali pamoja panapojulikana, FS:[0], kwenye kitabu kidogo cha kila uzi. Safu zinazofuata, FS:[4] na FS:[8], husema rundo linaanzia wapi na limefikia wapi. Kosa likitokea, mfumo hufungua FS:[0], humuuliza mdakaji wa kwanza kama atalishika. Akikataa, huulizwa wa pili, na kuendelea mpaka mwisho.

Sasa mtu mwerevu anaandika swichi yake mwenyewe ya faiba, kwa asembli, kwa sababu anataka kasi. Anahifadhi rejista, anabadilisha rundo, anaruka. Inafanya kazi. Itafanya kazi wiki nzima, mwezi mzima, kwa sababu FS:[0] haiulizwi chochote kama hakuna aliyeanguka. Huo ndio uzi wa bobini.

Siku kosa likirushwa, moja kati ya mambo mawili hutokea. Kama alikumbuka kubadilisha mipaka ya rundo lakini akasahau mnyororo, mfumo unafuata FS:[0], unakuta rekodi ya mdakaji iko nje ya mipaka, na unakataa kuiamini. Una sababu nzuri, maana wadukuzi waliwahi kuvamia programu nyingi kwa kughushi rekodi kama hizo. Basi haulizwi mtu yeyote, na programu yote hufa. Wadakaji walikuwepo, ila walikuwa kwenye rundo jingine.

Kama hakubadilisha chochote, ni mbaya zaidi. Kosa la faiba hii hudakwa na mdakaji wa faiba ile, ambayo ilikuwa imelala katikati ya shughuli zake. Inaamshwa na kuambiwa isafishe ajali ambayo haikuiona. Unapata programu ambayo haijafa, inaendelea kutembea na mambo ya watu wawili kichwani.

Kwenye Windows ya biti 64 mnyororo huo haupo. Kompaila huandika majedwali, na mfumo hutumia anwani ulipoangukia kutafuta njia ya kushuka rundo hatua kwa hatua. Watu hudhani basi shida imeisha. Lakini swichi ya asembli isiyo na maelezo yake kwenye jedwali huchukuliwa kuwa kipande kidogo kisichogusa rundo, mfumo unasoma anwani ya kurudi mahali pasipo, na msako unapotelea hapo.

SwitchToFiber ya Windows yenyewe hubadilisha haya yote vizuri, kwa hivyo ushauri wa kwanza kwenye mwongozo wangu ulikuwa rahisi: itumie hiyo. Kilichonichukua wiki mbili zaidi ni jambo la pili, ambalo hutokea hata kama bobini iko sawa.

Chukulia kila kitu kimebadilishwa inavyotakiwa. Faiba A imepisha faiba B. B inaanguka. Je, A itajua?

Haitajua. Kosa hushuka rundo likitafuta aliyekuita, na A haikuiita B. A iliipa zamu tu. Rundo la B linaanzia kwa B mwenyewe. Chini ya sahani yake ya kwanza hakuna mtu wa kawaida anayengoja. Hata kumaliza kazi na kurudi kwa amani hairuhusiwi: kwenye Windows, kipande cha kwanza cha faiba kikirudi bila kumpisha mwingine, uzi mzima unafungwa, pamoja na faiba nyingine zote zilizokuwa zinautegemea.

Aliyekupa zamu si yule aliyekuita. Niliiandika sentensi hiyo kwa Kiingereza cha mwongozo, kisha nikaiandika kwa Kiswahili kwenye daftari langu, na kwa Kiswahili ndipo iliponiuma.

Kwa sababu ndivyo tunavyoishi, sisi wa vibarua vya mtandaoni. Chuoni nilikuwa na rundo. Nikikosa mtihani, kiongozi wa darasa angepiga simu. Nisipoonekana hosteli, kuna mtu angegonga mlango. Hawakuwa malaika, lakini walikuwa chini yangu, na kuanguka kwangu kungepita mikononi mwao hata kama wasingetaka. Nilipotoka niliingia mahali ambapo zamu hutoka kwa barua pepe. Mteja anakupa kazi, unampa kurasa, anakupa nyingine. Inafanana kabisa na kuitwa. Lakini ukianguka, hakuna njia kutoka kwako kwenda kwake. Anaona tu kwamba hujajibu, na anampa zamu mwingine.

Tulikuwa wanne kwenye keja moja Kahawa West, wote wa laptopu. Mmoja wetu alikuwa anaandika sauti kuwa maandishi kwa jukwaa fulani la nje. Usiku mmoja akaunti yake ilifungwa, na pesa za miezi miwili zikiwa ndani. Hakuna aliyempa sababu. Akaandika kuomba maelezo, akajibiwa na mashine.

Kwa siku tisa msee aliamka asubuhi, akanywa chai na sisi, akakaa mbele ya laptopu, akavaa spika za masikio, vidole juu ya kibodi. Jioni tulikula sukuma pamoja tukipiga stori za mpira. Kwa nje hakuna kilichobadilika. Siku ya kumi alituuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama kuna yeyote anajua mtu anataka kununua laptopu. Hapo ndipo tulipogeuza nguo.

Sikuwa nimepata kazi ya faiba wakati huo. Nilipoipata, na nikasoma jinsi lugha mbalimbali zilivyoitatua shida hii, nilijikuta nasoma kama mtu anayetafuta kitu chake kilichopotea.

Suluhisho halina uchawi. Kwa kuwa kosa haliwezi kuvuka lenyewe kutoka rundo moja hadi jingine, unaweka mdakaji chini kabisa ya kila faiba, sahani ya kwanza, asiyekataa chochote. Yeye hadai kulitatua kosa. Kazi yake ni kulishika, kulifunga kama kifurushi, na faiba inapopisha kwa mara ya mwisho, kumkabidhi yule anayeingia: hiki hapa, hivi ndivyo ilivyoisha. Lugha ya D hufanya hivyo. Faiba yake ikianguka, kosa hudakwa ndani, kisha hurushwa upya kwenye rundo la yule aliyeiendesha, isipokuwa akiomba akabidhiwe tu. C++ tangu mwaka wa 2011 ina kifurushi chake rasmi cha kubebea kosa, std::exception_ptr. Na Lua, lugha iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka wa 1993, ndiyo nimeipenda zaidi. Ukiiamsha korutini ya Lua ikaangukia ndani, programu haitetemeki. Unapata jibu la vitu viwili: neno la kusema haikufaulu, na ujumbe wa kilichotokea. Kuanguka kumekuwa habari, na habari inaweza kubebwa.

Kuna masharti. Usibadilishe faiba ukiwa katikati ya kudaka, kwa sababu hesabu ya makosa yaliyo angani mara nyingi huwekwa kwa kila uzi, si kwa kila faiba, na mwenzako akirusha lake hesabu zitachanganyika. Na usidhani kuifuta faiba ni kuisafisha. DeleteFiber huondoa rundo tu. Faili zilizokuwa wazi hubaki wazi, kufuli zilizofungwa hubaki zimefungwa.

Wapo wanaosema bora tuachane na faiba kabisa. Gor Nishanov, aliyefanya kazi kubwa ya kuingiza korutini zisizo na rundo kwenye C++20, aliandika mwaka wa 2018 waraka mzima wa kueleza kwa nini faiba hazifai kwa programu kubwa za siku hizi. Ana hoja nzito, za kumbukumbu na za jinsi msimbo wa zamani unavyochanganyikiwa ukihamishwa kutoka uzi hadi uzi. Lakini faiba zipo tayari, kwenye michezo inayochezwa na kwenye seva zinazokimbia sai. Mtu anayeziendesha anahitaji kujua nani atadaka.

Kwa hivyo kwenye mwongozo niliweka sura moja: Faiba Ikianguka. Kurasa tisa. Msimamizi wangu upande wa kampuni alijibu kwa adabu kwamba sura ni nzuri lakini inawatisha wateja, na naomba niiondoe. Nilijua nimesimama wapi. Wao wana wahandisi wenye digrii mbili, mimi nina akaunti ya barua pepe na kodi ya tarehe tano. Ningeweza kukata, nikalipwa, nikalala.

Nilimjibu kwamba toleo lao la zamani, kwa mujibu wa rekodi walizonipa wao wenyewe, liliwahi kusahau FS:[0], na kwamba waliogundua walikuwa wateja. Nikamwambia kurasa hizo asinilipe, lakini zibaki. Siku nne kimya. Halafu jibu likaja: punguza ziwe kurasa tatu, utalipwa za tatu. Nilipunguza. Niliondoa historia, nikaondoa mifano miwili, nikaacha mnyororo, mdakaji wa sahani ya kwanza, na aya ya mwisho inayomwambia msomaji kwamba kabla hajaiamini swichi yake, arushe kosa kwa makusudi ndani ya kila faiba aone linafika wapi.

Kule Kahawa tulikuwa tumeweka sheria yetu tayari, bila kompyuta kutufundisha. Jumapili saa mbili usiku, ugali ukishapakuliwa, kila mtu anasema neno moja kabla ya kumega: "Naenda" ama "Nimekwama". Ukisema umekwama, si lazima ueleze, na si lazima sisi tutatue. Mara nyingi hatuna doo ya kutatua. Ni lazima tu lisemwe, na lisikiwe na mtu aliye macho. Mamangu naye anayo yake. Siku nilipomwambia nimetoka chuo alinyamaza, cherehani ikanyamaza, kisha akasema nisije hata siku moja nikamwambia niko salama na siko salama, maana sare za watoto mia atashona, lakini hawezi kushona asichokiona.

Sasa tumetawanyika. Wawili walihamia Ruiru, yule wa akaunti alirudi kwao Busia, anafundisha tuisheni na bado anaandika sauti kwa kampuni nyingine. Ugali hauliwi pamoja tena, kwa hivyo neno hutumwa kwa simu. Saa mbili, Jumapili, meseji nne. Huwa ni "Naenda", "Naenda", "Naenda", na siku zangu mimi "Naenda polepole".

Jumapili iliyopita Busia ilisema, "Nimekwama." Tulikuwa tumempigia kabla ya saa mbili na dakika tano, watatu kwa laini moja, na hakuna kati yetu aliyejua atasema nini.